Nilichana mvua kwenye kitabu, Mama akaifungia karanga

Wakubwa wa kaye hii, jambo yenu bote.

Naanza na ujinga wenyewe, ili mwenye haraka asome mstari mmoja tu na kumpitishia jirani: nilichana karatasi kumi na sita za kitabu cha bibliotheke ya kambi kwa sababu zilikuwa na mvua nyingi, nikampa Mama afungie karanga.

Basi. Anayetaka mengine aendelee.

Kwa mgeni anayeishika kaye hii, yaani daftari hili, kwa mara ya kwanza: inazunguka darasa letu benchi kwa benchi, hasa saa ya jiografia. Anayesimulia anatumia kalamu ya bic. Wanaojibu wanatumia penseli. Sheria ni moja tu, kusema kweli, na mi nimeiheshimu isipokuwa mara mbili, zote juu ya mpira.

Zamu hii niliombwa kutoa maoni yangu juu ya vitabu nilivyosoma trimesta hii. Natoa.

Kitabu cha kwanza ni cha inspekta. Inspekta anakunywa kahawa mara kumi na nne. Nilihesabu kwa sababu hakukuwa na kazi nyingine ya kufanya mle ndani. Muuaji unamjua ukurasa wa tisa, ni yeye peke yake anayevaa glavu wakati wa joto. Inspekta anamjua ukurasa wa mia mbili na kumi. Angekuwa wa hapa kwetu, tungesema amekula kitu kidogo.

Kitabu cha pili ni cha mwuguzi anayengoja barua. Anangoja. Barua inafika. Anaolewa na daktari. Dada yangu Kapinga amekisoma mara tatu na analia palepale kila mara, kama mtu anayejikwaa kila siku kwenye jiwe lilelile na kulishangaa.

Cha tatu ni cha kufuga nyuki. Kiliwekwa katikati ya riwaya kwa makosa. Ni kizuri kuliko vyote. Hakuna anayekufa isipokuwa nyuki madume, na sababu inatolewa.

Cha nne ndicho chenye kesi.

Ni kitabu kinene chenye jalada la kijani, kimoja kati ya vile vilivyoachwa na Wazungu waliporudi kwao. Mjane anarithi nyumba kando ya bahari, huko kwenye baridi. Anafika ukurasa wa arobaini. Ukurasa wa arobaini na moja mvua inaanza. Nikafunua mbele: mvua. Nikafunua tena: mvua, sasa na upepo. Inakwenda hivyo mpaka ukurasa wa sabini na mbili. Ukurasa wa sabini na tatu mtu anabisha mlango, na ni mume wake, yule aliyekufa.

Wiki tatu zilizopita niliandika kwenye kaye hii: «Mume anatoka wapi? Mwandishi alichoka.» Mtaona nimeyakata maneno hayo kwa bic. Sababu inakuja.

Sasa, kwa nini kuchana? Wakubwa, mnajua Mama yangu anauza karanga kwenye mlango wa kambi, pale lori la mgodi wa Mashamba linapowashusha watu wanaotoka kazini. Anakunja karatasi kama pembe, anajaza, anafunga kichwa. Karatasi zilikuwa kaye zangu za zamani. Kwa hiyo kambi nzima inajua alama zangu za hisabati, wamezila na karanga. Mzee mmoja nisiyemjua alinisimamisha barabarani akaniambia, «We mutoto, sehemu zinakushinda, eh? Mi nilikula tatu juu ya kumi.»

Siku hiyohiyo nilikuwa na kitabu cha mvua mkononi. Nikajiambia namfanyia mwandishi kazi ya mchinjaji mwema, namtolea mafuta. Atakayekiazima baada yangu atafika kwa mume haraka. Na Mama atapata karatasi safi zisizo na jina langu.

Mama anasoma Biblia yake ya Tshiluba. Kifaransa hapana. Alizishika akasema, «Hizi ni za muzuri. Hazina hata wino nyekundu.»

Ilikuwa Juni. Sina haja ya kuwaeleza Juni ya hapa. Mvua ya mwisho tumeisahau, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari, na wanaume wanashuka kwenye lori wakiwa na rangi moja wote, huwezi kujua nani ni baba ya nani.

Wa kwanza kurudi alikuwa Tata Mutombo, yule anayeendesha pelle, mashine kubwa inayochota udongo kule shimoni. Mi nilikuwa nimekaa nyuma ya Mama nikijifanya nasoma kemia.

«Mama, ya jana iliishia pa mubaya,» akasema. «Ule mwanamuke alifungua dirisha. Kiisha?»

«Kiisha nini, Tata? Ni kalanga.»

«Unipe yenye kufwata.»

«Zote zinafwatana. Zilitoka mu gunia moja.»

Akanunua tatu, akazimimina karanga mfukoni kama mtu anayetupa maganda, akaanza kusoma kwenye mwanga.

Kesho yake walikuwa wanne. Keshokutwa benchi la kando ya meza ya Mama lilijaa. Tata Mutombo alisoma Kifaransa kimoyomoyo, halafu akawatolea wenzake kwa Swahili, kofia ya kazi magotini: «Anasema mvula inapiga mabati. Anasema maji inapita mu barabara kama muto. Anasema mwanamuke anasikia harufu ya udongo yenye kulowa.»

«Rudilia harufu,» mmoja akasema.

Akarudilia harufu.

Mi nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa kitabu cha kemia. Watu wazima, wenye watoto, wanasikiliza maji! Na Mama alikuwa na furaha, karanga ziliisha kabla hajakaa vizuri. Aliamini ni chumvi. Alikuwa ameongeza chumvi wiki hiyo.

Ikawa hivyo mpaka Alhamisi, alipopita Tata Kazadi.

Tata Kazadi ndiye anayetunza bibliotheke. Koti lake la abakosti limefungwa mpaka chini ya kidevu hata jua likiwa la kupasua mawe. Ni mtu wa utaratibu: alinunua karanga, akazila zote mojamoja, akapangusa vidole, ndipo akaikunjua karatasi atafute pa kuitupa. Ukurasa wa hamsini na saba. Katikati, muhuri wa duara. Wake.

Alirudi mezani polepole.

«Tata, kama ilikuwa kidogo nitaongeza,» Mama akasema.

«Mama, hii karatasi ilitoka wapi?»

Mama akanitazama. Mi nikalitazama lori.

«Citoyen,» Tata Kazadi akaniita. Wakubwa, huyu mtu ananiita Mwana tangu nilipokuwa na meno ya maziwa. Akikuita citoyen, yaani mwananchi, ujue umekwisha kuzikwa, wanangoja tu padri.

Hukumu ilikuwa fupi. Jumapili baada ya misa, karatasi zote kumi na sita ziwe mkononi mwake. Ikikosekana hata moja, anamwandikia mkubwa wa kambi kwamba kwenye mlango wake kuna meza inayouza mali ya bibliotheke, na meza itaondolewa.

Mnajua Tata, baba yangu, yuko kazini mbali, Nzilo, anarudi mwisho wa mwezi. Katikati ya mwezi, watoto watano tunakula ile meza. Sikucheka tena.

Mama hakunipiga. Hakunitukana. Alizitoa karatasi mbili zilizobaki kwenye kikapu, akaongeza ile aliyoiacha Tata Kazadi mezani, akazipangusa kwa kitambaa chake cha kichwa, akaniwekea magotini, akanyamaza. Alinyamaza Alhamisi yote. Ijumaa pia. Mnaojua Mama yangu anavyosema mnaweza kupima.

Kumi na tatu zilikuwa zinatembea kambini.

Nne nilizipata kwa majirani. Moja ilikuwa imefunika sufuria ya maziwa, nyingine mtoto alikuwa ameitia kwenye kiatu kilichotoboka. Mvua imerudi kwenye kazi yake, nikafikiri, lakini sikusema, kwa sababu mama ya mtoto alikuwa anashika mwiko.

Tata Mutombo alikuwa na saba, zimenyooshwa chini ya godoro, kwa mpangilio.

«Nitakurudishia,» akasema. «Lakini ya kwanza, uandike zingine. Mi sitabakia mu hii vumbi mukono mutupu.»

Nikakaa sebuleni kwake Ijumaa mchana mzima nikinakili. Karatasi saba, mbele na nyuma. Na hapo, wakubwa, ndipo aibu ilipoanza, maana sikuwa nimezisoma. Nilikuwa nimechungulia tu mstari wa juu, nikaona maji, nikachana.

Ukurasa wa hamsini na mbili, katikati ya mvua, mjane anakwenda jikoni kuweka ndoo chini ya bati linalovuja. Nyuma ya mlango kuna viatu vya mwanaume. Vimelowa.

Niliacha kuandika.

«Eh,» Tata Mutombo akasema bila kugeuka. «Umefika ku biatu.»

Kumbe watu wa benchi walijua zamani mume yuko hai. Tangu Jumanne walikuwa wanabishana kama mjane amfungulie au hapana. Mi peke yangu, mwenye kitabu chote, ndiye niliyeshangaa mlangoni.

Moja ilikuwa kwa Tata Salumu, yule mwenye lori linalokwenda Mutshatsha kuchukua makala, makaa ya kupikia. Familia yake imetoka upande wa Maniema, na wote ni watu wa njia. Karatasi ameibandika mbele ya usukani.

«Hii ni mvua yangu,» akasema. «Siitoi. Njia yote ya Mutshatsha ni vumbi.»

«Tata, nitakuandikia nyingine.»

«Basi andika ya kusomeka, mwanangu. Siyo mwandiko wa kuku.»

«Lakini Tata, utasoma unaendesha?»

«Nitasoma gari ikikufa. Inakufaka kila siku.»

Nikanakili juu ya boneti, jua kichwani, naye amesimama nyuma yangu akinionyesha nukta nilizosahau.

Kumi na tano. Ikabaki moja, ya mwisho kabisa: ukurasa wa sabini na moja na wa sabini na mbili. Hiyo ilikuwa ya Tata Mutombo pia, lakini mke wake, Mama Ntumba, aliwashia mbabula, jiko lake la makaa.

«Ilikuwa karatasi,» Mama Ntumba akasema. «Makala ilikatala kuwaka. Mulitaka nifanye nini, niombe mvula?»

Nilikaa kizingitini mwao nikaiona kichwani mwangu meza ya Mama inabebwa. Nadhani Tata Mutombo aliiona pia, kwa sababu alivuta kiti.

«Shika bic. Ile niliisoma mara kumi.»

Akafumba macho. Alisema kwa Swahili, mi nikaandika kwa Kifaransa. Mvua inapungua. Mjane anatoa masufuria yote nje akinge maji ya mwisho. Anawasha mbabula. Anachemsha maji ya kuoga, kwa sababu mtu anayetoka mbali anatoka na vumbi, na mtu hapaswi kuulizwa alikuwa wapi kabla hajaoga.

«Na chakula?» Mama Ntumba akauliza kutoka jikoni. «Alipika nini?»

«Bukari,» Tata Mutombo akajibu, macho bado yamefumba.

Niliandika mkate, siyo ugali. Nina mipaka. Lakini mbabula niliiacha mbabula, kwa sababu hakuna aliyenifundisha jina lake la Kifaransa.

Jumapili Tata Kazadi alizihesabu akiwa amesimama. Moja, mbili, mpaka kumi na tano. Ya kumi na sita ilikuwa karatasi ya kaye, yenye mistari ya buluu. Hakuihesabu. Aliisoma.

«Citoyen. Ku Ulaya kuko mbabula?»

«Ni riwaya, Tata.»

Akarudi kwenye karatasi, akaisoma tena mpaka chini, kidole kikifuata mistari. Pale kwenye maji ya kuoga kidole kilisimama. Halafu akafungua droo, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi, akapiga. Katikati kabisa.

«Ugundishe yote, ulete kesho. Na usikanyage hapa mpaka mwaka mupya wa masomo.»

«Na meza, Tata?»

«Meza gani?» akasema, akafunga droo.

Wakubwa, fundisho nililopata ni dogo, linaenea kwenye nafasi iliyobaki: kabla hujasema kitabu kimenona, kula kwanza hayo mafuta. Na usimchagulie kurasa mtu ambaye hujui anatoka wapi na ana vumbi kiasi gani. Inspekta bado simsamehei.

Penseli imefungwa kwa uzi kwenye jalada. Tukaneni kwa heshima. Na nani kati yenu amepata kusoma kitabu akamkuta mtu mwingine amekielewa kuliko yeye? Aseme, nisiwe peke yangu.

Maneno ya Mama nimeyaacha chini, maana yeye hajibiwi kwa penseli.

Jioni ileile ya Jumapili nilikuwa nagundisha kwa uji wa unga, kitabu kimelala wazi kwenye meza yake ya karanga. Hakuwa amenisemesha tangu Alhamisi. Akavuta kiti kidogo, akakaa mbele yangu, akafunga kitambaa chake vizuri kama anayekwenda kanisani, akasema:

«Sasa unisomee. Mi njo niliuzisha hii mvula yote, na sijue hata inasemaka nini.»