Panya Nambari Kumi na Saba

Februari 1996 nilimpoteza dada yangu mdogo. Yeye aliishi Kawangware, mimi Silanga, Kibera, na tulifanya kazi maabara moja. Alilisha panya na kuandika nambari kwenye vichupa vya damu yao. Mimi niliosha vyombo, na kwa kuwa mkono wangu hautetemeki, daktari aliyeongoza utafiti alinifundisha kutia sampuli.

Tulimzika Kitui Jumamosi. Jumanne nilirudi kazini.

"Pole sana," daktari akasema. "Ningekuacha upumzike, lakini hii boksi ya vipimo inaisha muda wiki hii."

Nilikubali. Panya wale dada alikuwa amewalisha miezi mitatu. Walishakufa, na kila mmoja alibakisha matone mawili tu ya damu, ya kupimwa mara moja. Nilitaka kazi yake ya mwisho itoke bila doa.

Sahani ya kupimia ni ya plastiki, ina vishimo vidogo tisini na sita. Chini ya kila kishimo kumepakwa kingamwili zinazonasa kimeng'enya cha ini. Mwishoni hutokea rangi ya manjano. Ikikolea, kimeng'enya ni kingi. Kila panya hupewa vishimo viwili, kimoja kithibitishe kingine.

Siku zote dada alikaa kando yangu akisoma nambari, na hakusoma inayofuata mpaka nijibu.

"Kumi na saba." Nikikawia: "We, umeweka ama umelala?"

"Nimeweka, mama."

"Mama yako ako Kitui. Kumi na nane."

Siku hiyo nilisoma mwenyewe. Nilipofika kumi na saba nilisimama, pipeti ya kudondoshea damu mkononi. Nilikuwa nangoja kuulizwa. Nilipozinduka, kichupa kilikuwa kitupu. Basi nilikuwa nimetia mara mbili, lakini sikujua kama ni kila kishimo mara moja, au kimoja mara mbili. Niliinamisha sahani dirishani. Tone ni dogo, na kila kishimo kilikuwa na maji ya kuchanganyia tayari. Sikuona kitu. Niliendelea.

Alasiri rangi ilipotoka, kishimo kimoja cha kumi na saba kilikolea sana, cha pili kilibaki cheupe. Mashine ilichapa nambari. Wastani wa vile viwili ulifanana na wa panya wengine, na daktari alianza kwa kusoma wastani. Ningeweza kunyamaza.

"Kumi na saba nimeharibu," nikasema.

Akatazama karatasi. "Una hakika?"

"Sikumbuki nilivyoweka. Ndiyo maana nakwambia."

"Hakuna damu nyingine?"

"Imeisha."

Alichukua kalamu. "Dada yako alikuwa amemlisha vizuri," akasema, kisha akapiga mstari juu ya nambari ile.

Nilikusanya vichupa. Dada aliandika saba yenye kamstari katikati. Nilikisoma kile cha kumi na saba, nikakitia pamoja na vingine kwenye ndoo ya taka za kuchomwa, nikaipeleka nyuma ya jengo.