Sikio la Yvette

Hasira za Yvette Drouillard zilikuwa na haki, na asiyekubali aje tubishane. Mwanamke amechora kalibu za chuma za kumiminia plastiki pale Windsor tangu enzi za penseli na ubao, hata alipokuwa na mimba ya kifungua mimba wake, tumbo likimsukuma mbali na ubao na yeye akinyoosha mikono. Karakana ngapi zimefungwa, yeye yupo. Halafu leo aambiwe sikio lake ni bovu? Loh!

Sikio lenyewe ni kitu kidogo: kipande cha plastiki chenye tundu, kinachoshika skrubu nyuma ya dashibodi ya gari. Yvette alilichora mara moja, akahangaika nalo mpaka likakubali, akalihifadhi kwenye kompyuta liwe kiolezo. Tangu hapo mchoraji anayehitaji sikio hachori upya. Analiita, analipachika mahali pake, kazi imekwisha. Kompyuta humuuliza swali moja tu: nakala hii iendelee kumfuata mama yake, au ijitegemee? Kuifanya ijitegemee, wao wanaita kukata kitovu. Kwa violezo vya Yvette hakuna aliyekata kitovu, kwa sababu Yvette akimrekebisha mama, watoto wote wanapona bila mtu kuwashika mmoja mmoja.

Lakini raha hiyo ina mwiko wake. Anayetaka kubadilisha kiolezo cha asili husimama na kupaza sauti, "Namgusa mama!" Hapo kila mchoraji huinua mikono juu na kuacha kazi mpaka mwenzake amalize. Mgeni akisikia hudhani ni matusi. Wenyewe hucheka, ila mikono wanainua.

Sasa Jumanne moja asubuhi Lubo, fundi anayezijaribu kalibu zikishachongwa, aliingia bila hodi na kubwaga plastiki iliyopasuka juu ya meza ya Yvette, karibu imwage kahawa yake.

"Dada, mwanao kaniua leo. Kang'ang'ania ndani ya kalibu mpaka tumemtoa kwa koleo."

"Wangu? Wangu hang'ang'anii."

"Jina ni lako, usinikodolee macho mimi."

Yvette akakifungua kiolezo. Kuta za sikio zinatakiwa zilale kidogo, kama za bakuli. Ndiyo maana ukipindua bakuli la ugali, ugali hutoka mzima. Za hili zilikuwa wima kabisa. Na juu yake bado pameandikwa: SIKIO LA YVETTE.

"Nani kamgusa mama?"

Macho ya watu yakaenda kwa Todd Brandner, mkuu mpya wa wachoraji, ambaye pia ni mkwe wa mwenye karakana. Alikuwa anakula donati.

"Ah, hilo? Nililinyoosha kidogo mwezi uliopita," Todd alisema. "Mteja alitaka lipendeze."

"Ulinyoosha nakala au ulimnyoosha mama?"

"Yvette, bwana, ni nyuzi mbili tu za mlalo."

"Nyuzi mbili! Na hukupaza sauti!"

"Mimi siwezi kupiga makelele ofisini kama muuza samaki."

Muuza samaki! Jamani, watu wana midomo. Tangu siku hiyo aliyomgusa mama kimyakimya, wachoraji walikuwa wakifungua michoro yao, watoto wakimfuata mama, mashine zikikata chuma. Kalibu tatu zilikuwa tayari zimechongwa hivyo.

Mchana Sandra Pavan, mwenye karakana, aliita kikao. Todd akawahi kusema.

"Kiolezo ni cha Yvette, kina jina lake. Sisi tumekitumia tu."

Hebu fikiria! Bila hata kupepesa macho. Yvette aliinuka kiti kikaanguka nyuma yake.

"Sandra, Todd ndiye aliyekibadilisha! Kasema mwenyewe asubuhi, wote hawa wamesikia!"

"Kaa, Yvette."

"Sikai! Waulize!"

"Nimesema kaa. Kutupiana lawama hakutengenezi kalibu." Sandra akafunga kompyuta yake. "Kuanzia kesho violezo vyote vitakuwa chini ya Todd. Wewe utakagua vipimo."

Yaani aliyeua ndiye kakabidhiwa watoto. Yvette akawatazama wenzake, watu anaocheza nao karata kila mchana, watu wanaokula samaki wake wa kukaanga kila Ijumaa ya Kwaresima na kulamba vidole. Mmoja anatazama dari. Mwingine ameona kitu cha ajabu kwenye kalamu yake. Lubo, mtu mzima na mvi zake, anachunguza viatu.

Nje ya mlango Lubo akamfuata.

"Ningefanyaje, dada? Mkwe ni mkwe."

"Ungefungua mdomo. Mbona kwenye samaki wangu unafunguka wenyewe?"

Lubo akarudi kwenye kalibu zake.

Yvette alirudi nyumbani. Kazi ya kukagua vipimo angeiweza. Kilichomuuma ni lile jina. Kila kalibu itakayogoma, Windsor nzima itasema ni sikio la Yvette.

Asubuhi, kabla ruhusa ya kubadilisha violezo haijahamishiwa kwa Todd, alisimama katikati ya ofisi.

"Namgusa mama!"

Mikono ikapanda. Yvette akakaa, hakugusa ukuta hata mmoja. Alifuta neno moja, akaandika jingine, akahifadhi.

"Haya, shusheni."

Wakafungua michoro yao, na katika kila mchoro, kwenye kila sikio, pakasomeka: SIKIO LA TODD. Kicheko kikaanzia dirishani, kikazunguka chumba. Todd akaja mbio na shingo nyekundu.

"Nani kaweka jina langu humu?"

"Mimi," Yvette alisema. "Si vyako sasa? Hongera, bwana."

"Litoe! Nani anataka jina lake kwenye takataka hii?"

"Mkuki kwa nguruwe," alisema Lubo, ambaye alikuwa amekuja kuchukua michoro. Safari hii alisema kwa sauti.

"Litoe nimesema! Kalibu nyingine ikigoma, watu watajua ni mimi niliye..."

Akakwama. Sandra alikuwa amesimama mlangoni, koti bado mwilini.

"Uliye nini, Todd? Malizia."

Sandra akasogea, akalitazama sikio kwenye skrini, akazitazama kuta zake, akamtazama mkwewe. Kisha akamgeukia Yvette, tena kwa sauti ya kulaumu.

"Sasa kwa nini hukuniambia jana?"

"Nilikuambia, Sandra," Yvette akasema. "Ukaniambia nikae."