Mchele wa Noeli Katikati ya Njia

Mwaka wangu wa pili wa kusoma fasihi pale Lubumbashi, profesa alitupa kazi ya vakansi, yaani likizo, ya Noeli: kila mmoja asome riwaya moja, kisha aandike jinsi inavyogusana na maisha ya kwao. Wenzangu walifurahi. Mimi nilinuna. Maisha ya kwetu Musonoi, pembeni mwa Kolwezi, nilikuwa nayajua vizuri: matope, malori ya mgodi yanayotikisa vikombe kabatini, foleni ya maji, na mama anayeniuliza kila nikirudi hiyo fasihi inaliwa na mboga gani. Riwaya niliyopewa ilikuwa ya Kifaransa, nene, juu ya familia moja ya nchi za baridi ambayo inagombana mezani tangu ukurasa wa kwanza. Nikaitia kwenye begi, nikapanda gari la Kolwezi na hasira zangu.

Nikakuta nyumbani kumebadilika. Yaya, yaani dada yangu mkubwa, alikuwa na mimba yake ya kwanza, tumbo limeshashuka, na nyumba waliyopanga na mume wake ilikuwa imepasuka ukuta kwa mvua. Mama alikuwa amewaambia waje wakae kwenye parsele yetu, kiwanja chetu chenye ukuta, mpaka mtoto azaliwe. Ulikuwa uamuzi wa huruma, lakini Mungu wangu, taabu yake! Sisi watu tuliotoka kaskazini mwa Katanga, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawaitani kwa jina. Wakikutana njiani, mwanamume anaacha njia, anageuka, anachuchumaa mpaka mama apite. Hiyo heshima tunaiita bukwe. Watu wakiishi mbalimbali, bukwe ni jambo jepesi. Kwa watu wanaotumia choo kimoja, ni kazi ya kutwa.

Mama alikuwa anakohoa kabla ya kutoka ndani, ili shemeji ajifiche. Shemeji naye alikuwa anapiga mluzi kabla ya kuzunguka kona ya nyumba, ili mama ajifunike kitenge. Asubuhi mpaka jioni ni kikohozi na mluzi, ungedhani tunafuga ndege wagonjwa. Na katikati yao niliwekwa mimi. Yaya alikuwa mzito, baba yetu alifia kwenye shimo la mgodi nikiwa bado shule ya msingi, na mtoto mwingine hakuna. Maneno yote ya mama kwenda kwa mkwe wake yalipitia mdomo wangu, na ya mkwe kurudi kwa mama vilevile.

"Ambia mukwe yangu mayi ya kunawa iko moto," mama anasema akiwa jikoni.

Shemeji yuko nyuma ya ukuta wa jiko hilohilo, anasikia kila herufi, lakini anangoja. Lazima nigeuke niseme, "Shemeji, mama anasema maji ya kuoga yako moto."

"Ambia mama aksanti."

"Mama, anasema aksanti."

"Mi si kiziwi, mutoto!"

"Sasa kama si kiziwi, mnanituma ya nini?" Hapo mama ananirushia ganda la kitunguu.

Na mimi, shemeji alikuwa huru kabisa. Kwetu mdogo wa mke wako unamtania upendavyo, na alikuwa ananiita bibi mudogo, kama mke wake wa pili. "Bibi mudogo, kule Lubumbashi banakufundisha kupika, ao paka kusoma?" Nami nikimjibu kwamba mimi ni paka kusoma, kusoma tu, kupika atapikiwa na mkubwa wangu. Yaya anacheka hadi anashika tumbo. Mtu yuleyule, ua lilelile, mimi naweza kumvuta sikio na mama hawezi hata kuona kisogo chake.

Mchana mvua ikinyesha nilikaa barazani nasoma, na mama akiwa anachambua maharage alidai nimsomee. Basi nikawa nasoma Kifaransa, nasema Kiswahili. Nilijua kuwa shemeji anasikiliza kwenye kona, huku akigongelea viraka kwenye buti zake za mpira, kwa sababu penye kuchekesha nyundo yake ilikuwa inasimama.

Nilipofika pale mkwe anapokaa meza moja na mama wa mke wake, mama aliinua kichwa. "Banakula pamoja?"

"Meza moja, mama."

"Na anamuangalia mu macho?"

"Anamwangalia, na anamjibu vibaya pia."

Mama akaacha maharage. "Yesu wangu! Soma tena iyo fasi."

Nilisoma mahali pale mara nyingine, na alisikitika sana kwa ajili ya yule mwanamke wa nchi za baridi asiye na mtu wa kumwogopa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuona kazi yangu ya profesa inajiandika yenyewe. Katika riwaya watu wanaambiana kila kitu, wanapasua sahani, wanafunga milango kwa nguvu, na kitabu kinaelekea mwisho hakuna aliyemwelewa mwenzake. Kwetu watu wawili hawaambiani kitu, na maji ya kuoga yako moto kila jioni. Nilijipenda sana kwa wazo hilo. Nililizungusha kichwani siku kadhaa kama mtu mwenye peremende.

Kisha mvua ikakaza. Shemeji alikuwa mchimbaji wa mkono, yeye na vijana wenzake waliokuja kutoka pande zote za Kongo, wanashuka chini ya ardhi upande wa mgodi wa Mashamba kutafuta shaba na kobalti. Wakati wa mvua udongo unakuwa mzito, na hakuna mtu Musonoi asiyejua maana yake. Wiki ile shimo moja, lisilo lao, liliporomoka. Walimtoa kijana mmoja amekufa, na wenzake walihangaika kutwa nzima kutafuta mtu anayejua kwao ni wapi. Niliumia sana kwa ajili ya mama yake, ambaye pengine saa ile alikuwa anacheka na majirani.

Lakini kundi la shemeji lilikuwa limefikia mwamba mzuri, mweusi, na mwamba mzuri ukiuacha wengine wanauchukua. Mtoto alikuwa anakuja. Kila mtu anaweza kuelewa hesabu ya kichwani mwa mwanamume huyo, hata mimi nilimwelewa.

"Ambia mukwe yangu aache shimo mpaka mvua ipite," mama aliniambia. "Ule mutoto azaliwe baba yake eko muzima."

Nikapeleka. Shemeji aliinamisha kichwa kwa adabu. "Ambia mama nimesikia." Kesho yake alishuka shimoni. Mama akanituma tena, akajibu vilevile, akashuka tena.

Mara ya tatu niliamua kutumia elimu yangu. Nilimpangia shemeji hotuba: moyo wa mama, ardhi isiyoshiba, kitanda cha mtoto mchanga, sijui nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Bibi mudogo, iyo ni ya mama, ao ni ya profesa?" Nilitamani nimpige na kitabu.

Usiku ule nilikasirika na bukwe, na fasihi, na mimi mwenyewe. Mama aliposema "mpaka mvua ipite" mkono wake ulikuwa unazungusha mwiko kwenye sufuria tupu. Mimi nilifikisha mvua, mkono nikauacha jikoni. Darasani tunaambiwa msimulizi anaweza kubeba kila kitu. Haiwezekani. Wazo langu tamu la maji moto likanigeukia uchungu mdomoni, maana niliona kwamba kwetu pia mtu anaweza kufa kwa adabu, huku kila mmoja anamwambia mwenzake aksanti.

Siku moja kabla ya Noeli, mvua ilimwagika usiku kucha, ikakatika alfajiri. Wenzake shemeji walikuja mapema, wakasimama barabarani wanamwita kwa mluzi. Alivaa buti, akafunga taa ya kichwani, akachukua sululu. Yaya alikuwa chumbani analia, amekumbatia tumbo. Mimi nikasimama karibu na jiko nikingoja mama anitume.

Hakunituma. Alichukua ungo wa mchele wa Noeli na kiti chake kifupi, akaenda mpaka mlango wa parsele, ule upenyo wa ukuta ambao watu wanapita mmojammoja. Akaweka kiti katikati kabisa. Akakaa, uso umeelekea ndani, akaanza kuchambua mchele.

Nilichelewa kuelewa. Njia ya kutokea ni hiyo moja. Nyuma kuna ukuta wa jirani, na jirani amepanga chupa zilizovunjika juu yake. Ili apite pale, shemeji angelazimika kugusa magoti ya mama mkwe wake. Mtu aliyezoea kukimbizana na walinzi wa mgodi, hicho hawezi. Hawezi hata akilewa.

Akazunguka kona, safari hii bila mluzi, akamwona. Aligeuka haraka mpaka sululu ikamponyoka, akachuchumaa, uso ukutani.

"Bibi mudogo!" aliniita kwa sauti ya chini. "Ambia mama niko napita."

"Mama, anataka kupita."

"Ambia mukwe yangu niko nachagua muchele ya Noeli."

"Ambia mama, ku jiko ni muzuri zaidi."

"Ambia mukwe yangu, ku jiko iko moshi."

Hakukuwa na moshi wowote, mbabula, jiko letu la makaa, hata haijawashwa. Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka, na dirishani yaya alikuwa anacheka huku machozi yanatiririka. Nje vijana walipiga kelele kumuuliza shemeji kama amefungwa na polisi. Mmoja alikuja kuchungulia, akamkuta mama na ungo wake, akavua kofia, akarudi kinyumenyume. Mchele wenyewe ulikuwa msafi zamani. Mama alikuwa anatoa punje nzuri, anazitazama, anazirudisha.

Ndipo shemeji alipopandisha sauti, mara ya kwanza tangu nimjue. "Ambia mama mutoto atakula nini! Atakula heshima?"

Neno hilo sikulipeleka. Lilikuwa limeshafika.

Hapa niseme jambo kabla ya wakati wake, maana wasomaji nawajua, nami ni mmoja wao: mnangoja shimo lianguke. Halikuanguka. Wenzake shemeji walishuka bila yeye, jioni wakarudi wazima, wanaimba, magunia yamejaa, na Noeli ile walivaa viatu vipya. Kama ningekuwa naandika riwaya ningeliporomosha shimo, nimpe mama haki yake. Mwanamke yule alikaa kwenye njia ile akijua kabisa kwamba pengine anamnyang'anya mkwe wake mzigo mzuri kuliko yote ya mwaka, na kwamba binti yake mwenyewe anaweza kuja kumlaumu. Ilinichukua muda kuuona ukubwa wa jambo hilo.

Mama aliweka ungo chini. Hakusema "ambia." Alimtazama shemeji mgongoni, yule mwanamume ambaye hakuwahi kumsemesha, akamsemesha.

"Baba yao alipita hapa," alisema. "Mvua ilikuwa imenyesha kama leo. Nilikuwa nafagia hapahapa. Aliniambia nisogee, na nilisogea." Akaonyesha upenyo kwa kidole. "Mi mwenyewe nilimupisha."

Sikuwa nimewahi kulisikia hilo. Yaya pia hakulijua, nilimwona dirishani kicheko kimemkatika. Miaka yote mama alituambia baba aliondoka asubuhi kama kawaida, basi, na sisi hatukuuliza zaidi. Kumbe kila alipofagia pale mlangoni, alikuwa anasogea tena.

Vijana barabarani walichoka kungoja, wakaenda zao. Jua likatoka, lile kali linalofuata mvua, likapiga moja kwa moja pale mama alipokaa. Hakuondoka. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

Shemeji alichuchumaa muda mrefu. Kisha akainua mkono, akavua taa ya kichwani, akaiweka kwenye matope.

"Bibi mudogo," alisema, na sauti yake haikuwa ya kutania. "Ambia mama asogee ku kivuli. Jua itamuumiza. Mi siendi."

Nikamgeukia mama nimfikishie. Haikuhitajika. Mama alikuwa analia kwa nguvu, kichwa wazi, bila kujifunika kitenge, na shemeji alikuwa ameinuka, amegeuka, anamtazama usoni.