Siku Waache Alipokataa Tenga

Siku ile hainitoki, mwanangu, maana ndiyo siku ya mwisho niliyomwona baba yangu akicheka, na mimi nilimkasirikia kwa nini anacheka.

Nilikuwa bado kijana, nafanya biashara ya kuku. Kuku wetu wa Singida unawajua, wanasafiri kuliko sisi wenyewe. Nilizunguka vijijini kuwakusanya, nawatia kwenye matenga, napandisha juu ya basi. Tenga zima nililijaza kabla konda hajamaliza kupiga mluzi, na nilijiona fundi kwelikweli. Baba alikuwa amebaki peke yake kijijini, njia ya Ikungi, tangu Mama afariki, na miguu ilishaanza kumsumbua. Nikamwambia aje mjini akae kwangu. Alikataa miezi mingi, mwisho akakubali kwa sharti moja tu: Waache naye aje.

Waache alikuwa mbwa. Kwetu mtu humpa mbwa jina la kuwajibu majirani, na Mama alipofariki watu walisema sana, mbona mzee huyu haoi. Baba hakugombana na mtu. Alitafuta mtoto wa mbwa akamwita Waache, yaani waache waseme, na kila jioni alipomwita, waliohusika walisikia.

Basi nikaenda na tenga langu kubwa kuliko yote, kwa sababu konda alishaniambia mbwa hapandi bila tenga. Baba akatandika ndani yake koti lake kuukuu la baridi, akachukua fimbo, akakaa kwenye gogo mlango wa nyuma. Nikamwambia, mbwa mmoja tu huyu, sasa hivi namaliza.

Mwanangu, nilimaliza nini. Nilimshika kiuno nikamsukuma kichwa ndani, akageuka humohumo akatoka akinilamba uso. Nikaweka kipande cha nyama mlangoni mwa tenga, akakinyakua huku miguu ya nyuma imebaki nje. Nikasema nitamweza, nikaingia mwenyewe hadi kiunoni nikaweke nyama kule mwisho. Kugeuza shingo, Waache amekaa nje, kichwa upande, ananitazama kama mteja anayechagua kuku. Kisha akanyakua kifuniko cha tenga akatimua nacho kwenye alizeti, akisimama kila hatua chache kuona kama namfuata. Nami nilimfuata, gauni limejaa vumbi, na Mzee Njiku, jirani yetu, ameshika ua wake kwa mikono miwili asianguke kwa kucheka. Baba naye alicheka mpaka akatoa leso akafuta macho. Tangu msiba wa Mama sikuwa nimemwona hivyo.

Basi likafika barabarani likaanza kupiga honi. Baba akaniita.

"Binti yangu, kaa chini. Anadhani tunacheza naye. Tukikaa kimya atakuja mwenyewe."

"Baba, basi halimsubiri mbwa."

"Kesho si lipo lingine?"

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya kupakia kuku. Nikamwambia twende, Jumamosi nitarudi kumchukua Waache. Nikamshika mkono nikamwinua. Hakubisha, na mpaka leo natamani angebisha. Tulipoondoka nilimwona dirishani akitazama nyuma. Waache alikuwa anakimbiza basi na kifuniko changu mdomoni, anaona mchezo bado haujaisha.

Mjini Baba alikaa barazani kwangu, uso barabarani. Alikula kidogo, aliitikia shikamoo za watoto, hakulalamika. Aliniuliza jambo moja tu, kama Jumamosi imekaribia. Jumamosi ya kwanza nilikuwa na kuku wengi. Ya pili nikasema mvua. Katikati ya wiki ya tatu akashikwa na kifua, na kabla ya Jumamosi nyingine tulikuwa tunamrudisha nyumbani kumzika.

Tulipomaliza kuzika, Mzee Njiku akaja akakaa karibu nami. Alisema mbwa alikuwa anakwenda barabarani kila siku saa ya basi, anawatazama wanaoshuka, kisha anarudi. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Wewe hukuja kumchukua baba yako siku ile. Ulikuja kupakia mzigo."

Nikaenda nyuma ya nyumba ili nilie. Tenga lilikuwa palepale nilipoliacha, koti limo ndani. Nikakaa chini kando yake, sikuita, sikuwa na nguvu ya kuita. Waache akatokea amekonda, mkia chini. Akanusa mikono yangu, akanusa koti. Akaingia mwenyewe, akajizungusha mara moja, akalalia mkono wa koti akafumba macho. Kwa muda huo hata maji ya chai yasingewahi kuchemka. Ni muda huo tu Baba aliokuwa ameniomba nikae chini.

Nilimleta mjini, akaishi nami hadi uzee wake, na kifuniko kipya sikutengeneza.

Mwanangu, nawe una mzee mahali fulani, na siku itafika utakwenda kumchukua. Usiende na saa ya basi kichwani. Lala pale siku mbili, tatu, ule anachokula. Muulize ni kitu gani hawezi kukiacha, na akikitaja usikipime kwa macho yako, hata kama ni mbwa mtundu. Akikuambia kaa chini, kaa, kuku watapakiwa kesho. Na ukimwahidi Jumamosi, iwe Jumamosi ileile, kwa kuwa wewe unazo nyingi na yeye hujui amebakiwa na ngapi.

Mungu akupe mikono isiyo na papara. Akujalie wazee wako wacheke mbele yako, nawe uwe na nafasi ya kukaa ucheke nao mpaka wamalize.