Kibali cha Kuchuma Majani

Korona ilipofika Biharamulo, mimi nilikuwa katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji, na kazi yangu kubwa ilikuwa kulinda kichaka cha chemchemi. Ni kichaka kidogo, ukirusha jiwe linakivuka, lakini kikifa hicho, kijiji kizima hakina maji. Sheria yetu ndogo ilikataza kukata kuni, fito na nguzo, na kuchoma mkaa. Majani hatukuyataja. Nani angeiba majani?

Basi watu wakaanza kupiga nyungu. Unachemsha majani, unajifunika blanketi, unavuta mvuke mpaka jasho likutoke. Na mtu mmoja, namtafuta hadi leo, akasema majani yenye nguvu kuliko yote ni ya chemchemini. Wiki haikuisha, miti ya pembeni ikabaki uchi kama kuku wa sikukuu.

Nilimkamata jirani yangu, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, gunia begani.

"Katibu, soma shelia yako," akaniambia. "Nimekata nini?"

Nikaisoma. Hakuwa amekata kitu.

Kubadili sheria kunahitaji mkutano wa kijiji, na mikutano ilikuwa imekatazwa. Kamati yetu ya watu watano, tukiwa tumekaa mbalimbali hadi tukawa tunapigiana kelele, ikaamua majani yatoke kwa kibali. Fomu tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kuvuna miti. Nikaweka meza pale kichakani, nikawa naandika: urefu wa gogo: hakuna; matumizi: kikohozi cha shemeji. Watu walitakiwa kuachana kwenye foleni, kwa hiyo foleni ikaenea kichaka kizima, kila mtu akajikuta chini ya mti wake. Wakingoja zamu, wakachuma. Waliponifikia magunia yalikuwa yameshajaa, walitaka muhuri tu. Nilikuwa na hasira za kulia, lakini niligonga.

Ukabaki mti mmoja, ule mkubwa wa kwenye jicho la maji. Utotoni mama alinichapa kwa kuvunja kitawi chake kimoja. Kwao mti wa maji hauguswi. Nikaapa kwamba huo hautatoa hata jani. Nikaufunga barakoa yangu ya kitenge kwenye shina, watu wajue umetengwa. Wakaogopa kweli. Jirani yangu akawa anaupita kwa mbali, akisema unaumwa.

Kisha mama akaanza kukohoa. Zahanati walimpa dawa, lakini siku ya tatu alikuwa anaitafuta hewa kwa mdomo wazi. Nyungu mimi siiamini. Ila ukimwona mama yako hivyo, unaamini chochote. Mchana kweupe nilijaza fomu, nikajiombea kibali, nikajikatalia, halafu nikaenda nikachuma kikapu kizima.

Sijui kilichomponya ni dawa, jasho au ukaidi wake. Aliamka, akaomba uji, akachungulia ndani ya chungu, akaokota jani na kuligeuza.

"Haya ya wapi?"

"Ya sokoni, mama."

Akalirudisha jani chunguni. Kesho yake alijitanda blanketi lilelile, akashika fimbo, akaja ofisi ya kijiji kushtaki. Malalamiko ya miti huandikwa na katibu wa mazingira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Andika. Mwanangu ameuvua nguo mti wa maji. Andika kikapu kizima. Andika na kwamba amenidanganya."

Nikaandika, nikagonga muhuri. Kamati ikaniamuru niumwagilie mti ndoo mbili kila asubuhi mpaka uchipue. Mizizi yake imo ndani ya maji, lakini adhabu ni adhabu.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta mama ametangulia, ana kindoo chake, bado anahema. Hakunitazama. Alimwaga maji, akaifungua ile barakoa, akaweka kiganja kwenye shina.

"Usimlaumu sana," akauambia mti. "Alidhani nakufa."