Fundo la Fahali Melini

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, miaka ya tisini, nilipomwambia mama kwamba nimechaguliwa kujiunga na mabaharia wa meli kubwa ya matanga, meli ya milingoti mitatu iliyokuwa ikifundisha vijana kazi. Mama alikuwa akipepeta pojo. Alicheka hadi ungo ukatikisika. "Wewe, Mutheu? Hata mto wa hapa Muthetheni unauvuka ukiwa mchanga mtupu!"

Alisema kweli, mwanangu. Bahari nilikuwa sijaiona. Lakini nilikuwa na jambo moja la kujivunia: kufunga kamba. Baba alifuga mafahali wa kuwauzia wafanyabiashara wa Kisomali mjini Machakos, na fundo langu la katani hakuna fahali aliyewahi kulifungua. Likivutwa, linazidi kukaza.

Basi, kule melini tulikuwa chini ya serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, mzee mpole wa pwani aliyeitwa Mzee Shee. Siku ya tatu alituonyesha namna ya kufunga kamba ya tanga. Wenzangu waliuliza mara mbili, mara tatu. Mimi nilikuwa nikitazama ndege.

"Binti wa bara, umeelewa?"

"Hiyo najua, mzee. Nimefunga ng'ombe tangu nikiwa mdogo."

"Haya. Leo tanga ndiye ng'ombe wako," akasema, na wenzangu wakaangua kicheko.

Nikafunga fundo la fahali. Adhuhuri upepo ukageuka ghafla. Mzee Shee akapaza sauti, "Legeza!" Nikalishika fundo, kumbe tanga lililojaa upepo limelivuta hadi likawa kama jiwe. Meli ikalala ubavu. Juu mlingotini alikuwa Kombo, kijana mwenzangu, akining'inia kwa mikono miwili na kumwita mama yake. Kucha zangu zilivunjika, fundo halikutikisika. Mzee akaja na kisu, akakata. Tanga likalegea, meli ikainuka, na Kombo akashuka, viganja vimechubuka.

Majuto ni mjukuu. Nilimwomba Kombo msamaha, kisha nikasimama mbele ya mzee nikilia, nikijua nitarudishwa nyumbani. Hakunifokea. Alinipa kile kipande cha kamba chenye fundo langu.

"Fundo lako ni zuri, binti, ila pale hapakuwa mahali pake. Ungeuliza ningekwambia: tanga tunalifunga tukijua tutalifungua. Kesho nifundishe lako, nami nikufundishe langu upya."

Na kweli alijifunza. Tangu siku hiyo mapipa ya maji, ambayo hayakutakiwa kusogea hata kidogo, yalifungwa kwa fundo la Muthetheni. Kile kipande ninacho hadi leo, kimetundikwa mlangoni mwa ghala. Hakijafunguka.

Mwanangu, ukienda ugenini, iwe ni kiwandani Athi River au nchi za mbali, usiuache ujuzi wa kwenu nyumbani. Utapata mahali pake. Lakini usiutangulize kabla hujauliza. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kusema "najua" wakati mwenzako yuko juu ya mlingoti, na maisha yake yako mikononi mwako.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe mikono imara, na ulimi usioona haya kusema, "Nionyeshe tena."