Nilimwacha Mama Mkwe Topeni

Wenzangu mnaosoma, leo nalitoa moyoni. Nimekosa! Nilimwacha mama mkwe wangu kwenye tope la mbuga, nikaenda zangu na motokaa, wimbo mdomoni. Jina langu msiniulize. Hapa Segese wananicheka vya kutosha.

Mimi ni fundi cherehani. Motokaa yenyewe niliikuta kule Geita, nilikokwenda kuwashonea wachimba dhahabu mahema. Mzungu mmoja alikuwa ameitelekeza, imekuwa kuukuu, kutu tupu, kuku wanataga kitini. Nikaipenda pale pale! Nikampa mwenye uwanja ilipoachwa dume langu la ng'ombe, nikaivuta kwa maksai hadi nyumbani, na njia nzima watu wanauliza nani kafa.

Mke wangu alinitazama mimi, akaitazama motokaa. "Baba Nanihii," akasema (jina la mtoto nalificha), "umetoa dume zima ukaleta kiota?"

Lakini jamani, ikatuingia nyumba nzima! Kila jioni ni motokaa. Mabinti zangu wakaisugua kutu kwa mchanga na majivu. Mke wangu, yule yule wa kiota, ndiye aliyegundua kwamba samli inanyamazisha kila chuma kinacholia, ingawa tangu siku hiyo mbwa wa Segese hawakutuacha. Rejeta ilipovuja akaitia unga wa mtama, ikaziba. Ikichemka inanukia uji! Mipira tuliishindilia majani, viti nikavishonea ngozi ya ndama, na turubai la juu ni kazi ya cherehani yangu mwenyewe. Siku ilipowaka tulirukaruka uani wote, wakubwa kwa wadogo, mke wangu anacheka mpaka machozi. Sijapata kuwa na furaha kama ile.

Sasa sikilizeni nilivyoiharibu.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alijifungua mapacha kule Nyahanga. Kwao mama wa mapacha hatoki ndani mpaka mama yake mzazi aje amnyunyizie dawa, amshike mkono na kumtoa mlangoni. Mama huyo ndiye mkwe wangu. Kutoka kwake hadi Nyahanga ni mwendo wa nusu siku kwa miguu, na magoti yanamsumbua. Mke wangu akatangulia Nyahanga na watoto. Aliniagiza hivi: "Mlete mama kabla jua halijazama. Ukimfikisha salama, lile dume silitaji tena mpaka nife."

Nikasema hilo dogo!

Ila mnajua mila ya Wasukuma. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, wala hawasemezani ana kwa ana. Basi nikashona pazia la kanga katikati ya motokaa, yeye nyuma, mimi mbele. Shangazi yake mke wangu akapanda naye, awe mdomo wetu.

"Mama anasema twende polepole," shangazi ananiambia.

"Mwambie mama hapa ndipo mwisho wa polepole!"

Mbugani tope jeusi likatushika. Nikakanyaga mafuta, magurudumu yanazunguka, hatwendi. Nyuma ya pazia nikasikia wananong'ona, kisha shangazi akasema, "Usishuke, injini itazimika. Mama anasema tunakusukuma." Loo, aibu hiyo! Mkwe mzima, na magoti yale! Wakasukuma, na motokaa ikachomoka. Nikajua nikisimama palepale tutazama tena, nikaenda mpaka penye udongo mkavu.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama.

Nikasikia nyuma, "Mkweee! Mkweee!" Nilisikia, wallahi nilisikia. Lakini mbele yangu barabara imenyooka, watu wametoka mashambani wanapiga vigelegele, watoto wanakimbia, mbwa wanakimbia! Nikajiambia, nikigeuka nitamtazama mkwe, na hiyo ni kukosa adabu. Tena pengine wamesharukia nyuma. Mwongo mkubwa mimi! Sikutaka vigelegele vikatike. Heshima niliifanya kisingizio.

Nikaingia Nyahanga kwa shangwe. Shemeji anachungulia mlangoni, pacha mmoja huku, mmoja kule, hawezi kuvuka kizingiti. Mke wangu akaja mbio, akafungua pazia.

Ndani kuna kuku mmoja na kibuyu cha dawa.

"Mayu wane, mama yangu!" akapiga kelele. "Baba Nanihii, mama yuko wapi?"

Akakishusha kibuyu, akakipakata. Nyimbo zikakatika. Shemeji akarudi ndani, nikamsikia analia, na jua limeshainama. Niligeuza motokaa, nikaikimbiza bila huruma, ndipo rejeta ikalipuka. Uji ulinirukia kuanzia kofia hadi kifua! Nikakwama katikati ya njia, mbwa wakakaa kunizunguka, wananilamba.

Mara nikaona mkokoteni wa ng'ombe unakuja taratibu. Juu yake mama mkwe na shangazi, weusi kwa tope hadi mabegani. Nikapiga magoti kando ya njia, uso chini.

"Shangazi, mwambie mama nimekosa! Mwambie apande, nitaisukuma mwenyewe!"

Mama mkwe akajifunika kanga usoni. "Wifi," akasema polepole, "kama nasikia mtu hapo njiani. Lakini mila hainiruhusu kutazama."

Mkokoteni ukapita.

Nashukuru Mungu, walifika jua linagusa miti. Mama mkwe hakunawa hata uso, alichukua kibuyu chake akamtoa binti yake na wajukuu nje, na vigelegele vya safari hii sikuvisikia mimi, maana nilikuwa bado njiani nakomba uji kwenye rejeta.

Hukumu ilitolewa siku iliyofuata kupitia shangazi. Usukani ni wa mke wangu. Amejifunza haraka kuliko mimi. Mama mkwe anakaa mbele na binti yake, wanaimba. Mimi nyuma ya pazia langu, na kuku. Na lile dume? Linatajwa kila tukipanda kilima.

Nanyi wenye motokaa, au mnaozitamani, nawaonya. Ukiitwa nyuma, simama. Geuka! Aibu ya kumtazama mkwe ni ya siku moja tu, hii yangu mpaka watoto wameitungia wimbo.

Tukifika mbugani, nasikia sauti mbele ya pazia: "Binti yangu, mwambie mkwe ashuke asukume."

Nashuka, nasukuma. Mara nyingi wananingoja.